Upande wa Pili wa Shuka

Masakta, Hanang
4 Mei 2022

Mzee Abdulrahmani,

Shikamoo.

Hunijui. Naitwa Fabiola Sulle. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa naishi na bibi yangu mzaa mama hapa Masakta, nikisubiri majina ya kidato cha tano. Namba yako nilipewa na Nikolausi, kondakta wa basi la Mbulu. Kabla ya kupiga simu niliandika kwenye karatasi maneno yote ya kusema. Akapokea mjukuu wako Samira, akacheka, akasema, "Babu hasikii simu hata upige kelele. Mwandikie, anapenda kusoma." Nilifurahi, maana kuandika naweza, ila kuongea na mtu nisiyemjua najikuta nimekwama.

Ombi langu ni hili. Bibi yangu anaitwa Bernadina. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo sana, akazikwa hapa Masakta kando ya njia ya zamani inayopanda kuelekea mlimani. Bibi akachukuliwa na shangazi yake kwenda Basotu, akakulia huko, akaolewa huko. Baadaye watu wa hapa walihamishiwa barabarani wakati wa vijiji vya ujamaa, na mahali pale pakawa pori. Bibi amerudi uzeeni, na waliojua kaburi wamekufa wote.

Lakini Bibi anasema aliliona kwenye sinema! Anasema gari la sinema lilikuja Basotu mara kadhaa na mkanda wa josho la ng'ombe, na kipande kimoja kilipigwa hapa hapa kwao. Anaonekana mzee mmoja wa hapa, Bura, akisalimiana na bwana mifugo, na nyuma yao njia, mlima, na lundo la mawe ambalo shangazi yake alimwambia ndilo baba yake alilopanga juu ya kaburi. Anasema lilikuwa kushoto kwa njia ukitazama mlima. Anapenda kumcheka marehemu Bura kwa sababu alimpa mgeni wa serikali mkono wa kushoto. "Alichanganyikiwa na kamera," anasema.

Sasa shamba ni la mjomba Akonaay, mtoto wa kaka yake Bibi. Amejitolea kulijengea kaburi kwa saruji na msalaba. Tatizo ni kwamba tumetafuta upande wote wa kushoto na hatuoni jiwe hata moja. Bibi hana afya nzuri. Anataka kujua mama yake amelala wapi kabla hajamfuata, hilo tu.

Wote wanasema wewe ndiye uliyeendesha mashine ya sinema. Kama mkanda bado upo, naomba uutume kwa Nikolausi. Parokia wana projekta, Padri ameniruhusu kuitumia. Nitauchomeka humo nitazame, kisha nitakurudishia.

Naomba samahani kwa usumbufu.

Fabiola Sulle


Mbulu
11 Mei 2022

Mjukuu wangu Fabiola,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza bila miwani kwa sababu Samira alikuwa ameificha ili nile kwanza.

Mkanda wa josho ninao. Ofisi ilipofungwa hakuna aliyekuja kuuliza mikanda, ikabaki kwangu chini ya kitanda. Mke wangu marehemu alisema nimeoa mara mbili.

Lakini kuuchomeka kwenye projekta ya Padri! Nimecheka mpaka Samira akaja kuona kama nimepaliwa. Ni sawa na kumimina mahindi kwenye redio ukisubiri iimbe. Mashine hizi mbili zinatoa picha ukutani, ndiyo, lakini hakuna inayoijua kazi ya mwenzake.

Yangu inafanya hivi. Mkanda ni picha nyingi ndogo, zote zimetulia, zimepangwa moja chini ya nyingine, na vitundu pembeni. Kuna jino dogo la chuma linaingia kwenye kitundu, linaivuta picha mbele ya taa, linaiacha itulie kidogo sana, kisha linavuta inayofuata. Wakati wa kuvuta, bati linazunguka na kuuziba mwanga ili watu wasione picha ikikimbia. Kwa hiyo kule Basotu bibi yako alikaa gizani mara nyingi kila sekunde, na macho yake yakaziunganisha picha bila yeye kujua. Anayetembea kwenye sinema hatembei. Anasimama, anasimama, anasimama, na wewe ndiye unayemtembeza.

Na taa yake ni kali. Mkanda ukikwama, picha inaungua pale pale mbele ya watu, inaanza katikati kama chapati. Ndiyo maana nisingeweza kusimamisha ili mtu atazame kaburi vizuri. Nakumbuka usiku mmoja Basotu mwanamke alipiga kelele, "Simamisha! Simamisha!" Nilidhani kaumwa na nge. Huenda ndiye huyo bibi yako.

Mashine ipo. Nipe muda niipanguse, kisha nitakuita uje na bibi yako Mbulu muutazame mkanda kwa namna yake.

Msalimie sana.

Babu yako Abdulrahmani


Masakta
17 Mei 2022

Babu Abdulrahmani,

Shikamoo.

Nimemsomea Bibi barua yako. Nilipofika kwenye yule mwanamke aliyepiga kelele alifunika uso kwa kanga, akasema, "Mwambie ni mimi. Mwambie pia kwamba mume wangu alinigombeza wiki nzima, kwa sababu baba mkwe alisikia sauti yangu." Basi ndiye.

Shuleni mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba jicho linaishika picha kwa muda mfupi baada ya kuondoka, nikaandika na kufaulu swali, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kuna giza katikati. Sasa najiuliza kuhusu projekta ya Padri. Yenyewe pia ina giza? Na kama haina mkanda, picha iko wapi ndani yake? Nilimuuliza Padri akasema iko kwenye waya.

Bibi hawezi kusafiri mpaka Mbulu. Miguu inavimba akikaa sana kwenye gari. Hajalalamika, alisema tu, "Nitaona," na mimi najua maana yake.

Kuna jambo lingine. Mjomba Akonaay anataka kujenga nyumba ya kudumu pale pale shambani. Ameshapiga vigingi na kuvuta kamba. Anamheshimu sana shangazi yake, kwa hiyo upande wa kushoto ameuacha wote kwa ajili ya kaburi, na nyumba ataijenga kulia kwa njia. Mafundi wanaanza Jumatatu tarehe 20 Juni. Anasema ingependeza tuwe tumeshalipata kaburi ili saruji inunuliwe pamoja.

Je, mashine imekubali? Siulizi kwa kukuharakisha.

Fabiola


Mbulu
29 Mei 2022

Mdogo wangu Fabiola,

Habari za huko? Mimi ni Samira. Babu hajui kwamba naandika, yuko msikitini.

Nakwambia ukweli kwa sababu yeye hatakwambia. Mashine haifanyi kazi. Taa yake iliungua kabla mimi sijaolewa na nyingine haipatikani. Alipopata barua yako aliifungua yote mezani, akapaka mafuta, akafunga mlango. Jioni akatoka akasema jino linavuta vizuri sana. Nikamuuliza, "Na taa?" Akajifanya hasikii. Kusema kweli hasikii, lakini hili alilisikia.

Na mkanda wenyewe umesinyaa, unanuka kama siki, vitundu vimechanika. Ukiupitisha kwenye jino utakatika vipande.

Mimi nakodisha projekta kwa ajili ya send-off na mechi, kwa hiyo nikamwambia tufanye kwa njia yangu. Tumelaza mkanda juu ya simu iliyowashwa kioo cheupe, nikapiga kila picha kwa simu nyingine. Babu anasogeza kwa kidole, mimi napiga. Babu anasogeza, mimi napiga. Siku nne, kwa kipande chenu ambacho hakifiki hata nusu dakika! Alikuwa ananifokea, "Usiruke! Ukiruka Bura atachechemea!" Kisha nikaziunganisha.

Umeuliza kuhusu projekta. Yangu haina mkanda wala jino. Picha ni hesabu tu kwenye memori kadi. Ndani kuna kibati kidogo kama ukucha, juu yake vioo vingi vidogo kuliko vumbi. Kila kioo ni nukta moja ya picha. Kikiinama huku kinarusha mwanga ukutani, kikiinama kule kinauficha. Hakuna kinachovutwa, kwa hiyo picha moja inakaa mpaka vioo vipangiwe nyingine. Na nikibonyeza kusimamisha inasimama hata saa nzima, haiungui. Babu alipoona hivyo akasema, "Hiyo ningeipata Basotu."

Memori kadi iko kwenye bahasha hii. Weka kwenye simu uangalie.

Dada yako,
Samira


Masakta
6 Juni 2022

Babu Abdulrahmani,

Shikamoo. Na dada Samira namsalimia sana, namshukuru kwa kazi kubwa.

Nimetazama picha mara nyingi kiasi kwamba simu imezimika. Mzee Bura hachechemei hata kidogo. Nimeuona mlima, nimeiona njia, nimeliona lundo la mawe. Nililia kidogo, nilikuwa peke yangu jikoni.

Lakini Babu, usikasirike, naona kuna kosa. Lundo liko kulia kwa njia, wala si kushoto. Na mzee Bura anasalimia kwa mkono wa kulia, wakati Bibi siku zote anasema wa kushoto. Nimefikiri kwamba labda mkanda ulilazwa juu ya simu ukiwa umegeuzwa, upande wa chini ukawa juu. Hapo kushoto kungekuwa kulia. Kosa dogo, mtu yeyote angeweza kulifanya.

Bado sijamwonyesha Bibi. Kwenye simu hawezi kuona, na sitaki aone ikiwa imekosewa. Naomba dada Samira aigeuze kisha anitumie tena.

Fabiola


Mbulu
10 Juni 2022

Fabiola,

Marahaba.

Sikukasirika. Nilikasirika dakika chache tu.

Miaka yote niliyofanya kazi ile, kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kuujua upande wa mkanda. Upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Hata sasa nikiupitisha mdomoni naujua, uliofifia unanata. Lakini sitaki uamini mdomo wa mzee. Amini hili: mwanzo wa mkanda kuna maneno makubwa yanayotaja josho. Nimemwambia Samira ayapige picha vilevile, bila kugeuza chochote, na ameyaweka kwenye kadi hii. Yanasomeka. Kama tungekuwa tumelaza mkanda vibaya yangesomeka kinyumenyume, kama jina la gari la wagonjwa linavyokuwa.

Samira anasema projekta yake inaweza kugeuza picha kwa kubonyeza tu, kushoto kuwa kulia, hata juu kuwa chini. Nikamwambia asithubutu. Kwenye mashine yangu mtu akitaka kugeuza lazima akosee kwa mikono yake, na watu wote watamzomea. Hii ya kwake inakosea bila aibu.

Kwa hiyo lundo liko kulia. Sijui bibi yako aliona nini, ila mkanda nauamini.

Soma mwenyewe hayo maneno.

Babu yako


Masakta
14 Juni 2022

Babu Abdulrahmani,

Shikamoo.

Maneno nimeyasoma. Naomba msamaha kwako na kwa dada Samira.

Nimeelewa kilichotokea, na sasa natamani nisingeelewa. Jana tukichambua maharage nilimuuliza Bibi kama mtu anayeuliza tu, "Bibi, kule Basotu kwenye sinema ulikaa wapi?" Akasema, "Nyuma ya shuka. Upande wa mashine walikaa wakwe. Ukweni kwangu mkamwana hakai mahali baba mkwe anamwona. Sisi wake wa nyumba zile tulizunguka nyuma, na watoto, na mbuzi." Nikamuuliza kama picha ilionekana. "Kwani shuka lina ukuta? Ilikuwa picha ile ile."

Haikuwa ile ile. Mwanga ulipita kwenye shuka, akaona kila kitu kimegeuka. Maneno ya mwanzo yangemjulisha, lakini Bibi hajui kusoma. Mzee Bura alisalimia vizuri tu, kwa mkono wa kulia, na amechekwa miaka hamsini.

Bibi hakumbuki mahali penyewe, alikuwa mdogo mno. Anachokumbuka ni sinema. Ile picha ndiyo yote aliyonayo ya mama yake, na mimi niende nikamwambie kwamba ameiona kinyume? Na mbele ya mjomba, ambaye atasema basi shangazi sasa hakumbuki kitu?

Ila nisiposema, Jumatatu mafundi wanaanza kuchimba msingi. Kulia kwa njia, Babu. Tumemwachia upande usio wake na tunajenga juu yake.

Nimejaribu kumwambia mjomba mara mbili. Mara ya kwanza nikamwomba chumvi.

Fabiola


Mbulu
16 Juni 2022

Fabiola,

Usimwambie bibi yako. Mwonyeshe. Samira ana sherehe ya mtu wiki hii, atakuja huko Jumamosi tarehe 25 na projekta na jenereta. Mimi nitakuja naye kama mgongo utakubali.

Siku za katikati ni zako. Chungulia huo msingi kila siku. Ukiona jiwe lililopangwa na mkono wa mtu, piga kelele. Bibi yako aliweza.

Babu yako


Masakta
27 Juni 2022

Babu Abdulrahmani,

Shikamoo. Pole na mgongo. Dada Samira atakuwa amekusimulia, lakini alikuwa upande wa projekta, na mengine yalitokea nyuma.

Wiki ile nzima niliwapelekea mafundi chai na uji, nikasimama kuchungulia mtaro. Fundi Gidion akaanza kunitania, "Huyu binti ataolewa na msingi." Mjomba akasema, "Mwacheni, anasubiri shule." Walianzia kona ya chini, mbali na njia, Mungu alisaidia. Ijumaa walikuwa wamefika karibu na kichaka kilicho kulia kwa njia.

Jumamosi mchana tulifunika madirisha ya ghala la mjomba kwa maturubai, tukatundika shuka katikati. Watu wakakaa kwenye magunia. Tulipotaka kuwasha, nikamkosa Bibi. Alikuwa amechukua kigoda chake, amekwenda kukaa nyuma ya shuka. Baba mkwe wake amekufa kabla mimi sijazaliwa, lakini amekaa nyuma! Nikaenda nikachuchumaa naye.

Samira akawasha. Mzee Bura akatokea, njia, mlima, mawe. Bibi akanishika goti. "Simamisha," akasema polepole, na Samira hakumsikia lakini alikuwa tayari amesimamisha. Picha ikakaa. Bibi alinyoosha mkono mpaka karibu na shuka, kwenye lile lundo.

"Si niliwaambia? Kushoto."

Kutoka mbele mjomba akajibu, "Shangazi, mbona ni kulia?"

"Kushoto, Akonaay! Una macho gani?"

"Macho yangu mazima! Iko kulia, hata Gidion anaiona!"

"Mwambie Gidion aoshe uso!"

Watu wakaanza kucheka, wengine wakasema kulia, watoto waliokuwa nyuma na sisi wakapiga kelele kushoto. Ghala likawa kama mechi. Ndipo nikasikia mtu anasema kwa sauti, "Wote mnasema kweli," na alikuwa ni mimi. Walinyamaza. Nikamwambia, "Bibi, nipe mkono, njoo uone walikokaa wakwe."

Akakataa kwanza. Akasema upande ule ni wao. Mjomba akasema, "Njoo, shangazi, baba mkwe ndiye mimi leo, na mimi nafumba macho." Na kweli akayafumba mbele ya watu wote.

Tukazunguka ukingo wa shuka taratibu. Alisimama pale pembeni akachungulia nyuma, akachungulia mbele, tena nyuma. Kisha akatembea mpaka katikati, kivuli chake kikaangukia mlima. Akamwangalia Bura mkono. "Kumbe hakukosea," akasema, "masikini." Halafu akaliangalia lundo la mawe kwa muda mrefu. Samira hakugusa mashine. Ilikaa tu. Nilifikiri vile ambavyo ya kwako ingekuwa imeshamuunguzia picha.

Mjomba alifungua macho. Akaniuliza, "Fabiola, ulijua?" Nikasema ndiyo, tangu kabla mafundi hawajaanza. Akanitazama. Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Ndiyo maana ya uji," akatoka nje.

Tulipofika shambani alikuwa anang'oa vigingi yeye mwenyewe na kuzikunja kamba. Gidion na wenzake wakafyeka kile kichaka kwa uangalifu kuanzia ukingoni. Mawe yalikuwemo, yamezama, yameshikamana na mizizi, lakini yamepangwa. Kutoka mwisho wa mtaro mpaka jiwe la kwanza ni kama urefu wangu nikilala. Nyumba itajengwa kushoto. Mjomba anasema huko tumeshachimba sana tukitafuta, nusu ya kazi imeisha.

Bibi hakulia. Alitazama upande wa kushoto, kwenye ule mti mdogo ambao kila akija shambani alikuwa anakaa chini yake kumwombea mama yake, ameelekea bondeni, njia ikiwa nyuma yake.

"Nimekuwa nikimgeuzia mgongo," akasema. "Kila nilipokuja, yeye aliona mgongo tu."

Alituomba tusogee kidogo. Tukasogea mpaka njiani. Akakaa chini mbele ya mawe, akanyoosha miguu, akatoa kitambaa kichwani. Alimsalimia kwa Kiiraqw, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtoto anavyomsalimia mama yake asubuhi, kisha akanyamaza, kama mtu anayesubiri kuitikiwa.

Mjukuu wako,
Fabiola